Jinsi ya Kuwapeleka Watoto Porini na Kurudi na Heshima Yako

Kwanza kabisa, tafuta pori. Miongozo mingi ya namna hii, hasa iliyoandikwa na watu wa nchi za baridi, huiruka hatua hii. Wao hudhani pori lipo tu nyuma ya nyumba, limekaa linamsubiri mtoto na begi lake. Ukiwa Shinyanga usidhani hivyo. Ukitoka mjini kwa mguu utapita shamba la pamba, majaruba ya mpunga yaliyokauka, kichuguu, mbuyu uliosimama peke yake kama mzee aliyeachwa na basi, kisha shamba jingine la pamba. Pori itabidi uliulizie, na watu nao watakuuliza unalitakia nini.

Mimi nililitaka kwa sababu ya mdomo wangu. Kwenye kikao cha wazazi nilisimama nikasema kwamba watoto wa siku hizi wanajua simu tu: hawajui njia, hawajui kuwasha moto, hawajui kushirikiana. Ukisema hivyo kikaoni, mwenyekiti anakushukuru, halafu anakuteua. Basi nikateuliwa kuwa mlezi wa matembezi ya watoto 22 wa darasa la nne na la tano. Mwongozo huu umetokana na uzoefu wangu wa siku nzima, Jumamosi moja ya mwezi Juni. Wapo wataalamu walioandika vitabu kwa uzoefu mdogo kuliko huo.

Vifaa

Mlezi abebe vitu vifuatavyo. Kofia ya pama, ili wanaokupita kwa baiskeli wajue kwamba hukupotea, uko kazini. Filimbi, ili ujisikie unaongoza. Bango lenye tarehe na kaulimbiu, kwa maana matembezi yasiyo na bango hayajafanyika. Simu yenye chaji ya kutosha picha 200. Dira, hata ya kuazima. Na ratiba, ambayo itakuwa na kuwasili kwa mgeni rasmi, utambulisho, chai, neno la mgeni rasmi, neno la shukrani, posho, halafu, muda ukiruhusu, pori.

Mtoto abebe maji na chakula. Usihangaike kununua biskuti. Waambie walete matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa, vikaanikwa juani hadi vikawa vigumu kama soli, au michembe, ambayo hukatwa na kuanikwa ikiwa mibichi. Ni chakula cha safari kilichokuwepo Usukumani kabla ya begi la mgongoni: hakimwagiki, hakiozi, hakina karatasi ya kutupa. Mimi nilibeba chipsi. Saa nne na nusu asubuhi chipsi zangu zilikuwa zimegeuka uji, na mtoto mmoja alinionea huruma akanigawia tobolwa. Nililitafuna kwa dakika kumi bila kusema neno, na watoto wakapata dakika kumi za amani.

Mifuko ya plastiki usibebe. Imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na iliyobaki imeshapanda juu ya migunga, ambako sheria haifiki.

Hatua ya kwanza: mgeni rasmi apande mti

Usiende kuona miti iliyopo kabla mgeni rasmi hajapanda usiokuwepo. Siku ya Mazingira Duniani ni tarehe 5 Juni, kwa hiyo wiki hiyo kila mwenye cheo ana mti wa kupanda mahali fulani. Ukweli kwamba Shinyanga mvua hukatika Aprili au Mei na kurudi Novemba usikusumbue. Mti haupandwi ili uote, unapandwa ili upigwe picha.

Shimo usichimbe. Lipo la mwaka jana, pale pale kando ya mlingoti wa bendera shuleni, na mwaka juzi lilitumika pia. Ni shimo lenye uzoefu. Mgeni wetu alifika saa tatu, akashika mche kwa vidole viwili, akaweka udongo wa koleo moja na nusu, akawaambia watoto kwamba wao ni taifa la kesho. Kisha akaondoka, maana alikuwa na mti mwingine saa tano.

Hatua ya pili: fundisha dira

Sasa mko njiani na miti ya kwanza inaonekana kwa mbali. Simamisha kundi. Toa dira, iweke kiganjani, tamka kwa utaratibu kwamba sindano huelekea kaskazini daima. Waulize kama wanajua kaskazini ni wapi.

Katika kundi langu alikuwepo kijana mmoja wa darasa la nne ambaye huja shule siku tatu kwa wiki. Siku zilizobaki anachunga. Kwenye daftari la mahudhurio yeye ni mtoro sugu. Kijana huyu hakuitazama dira. Alinyoosha fimbo yake akasema, "Sukuma ni kule, mwalimu."

Nikamsahihisha kwa upole kwamba sikuuliza kabila, nimeuliza upande wa dunia. Watoto wakacheka, na ilinichukua muda kujua kwamba si yeye waliyemcheka. Kwa Kisukuma, sukuma ndiyo kaskazini yenyewe. Kusini ni dakama, mashariki ni kiya, magharibi ni ng'weli. Wasukuma ni watu wa kaskazini, na jirani zao wa kusini, Wanyamwezi, waliitwa watu wa dakama. Yaani mtoto ukimuuliza yeye ni nani, ameshakujibu kaskazini ni wapi. Hahitaji betri wala sindano.

Ushauri: ikikutokea hivi, funga dira, sema "Vizuri sana, hilo ndilo jibu nililokuwa nalitaka," kisha puliza filimbi.

Hatua ya tatu: chukua njia ya mkato, ukatazwe

Pori tulilokuwa tumeelekezwa lilikuwa ng'ambo ya uwanda wa nyasi ndefu zilizokauka, rangi ya simba, zenye migunga na miti midogo iliyochipua kutoka kwenye visiki. Katikati kilipita kijia chembamba cha mtu mmoja mmoja, cha waendao kisimani. Kwenye simu yangu njia ilikuwa mstari ulionyooka. Nikapuliza filimbi, nikasema twende.

Watoto hawakwenda. Yule mtoro akasema, "Mwalimu, hapa hatupiti. Ni ngitili."

Kwa msomaji asiye wa huku: ngitili ni malisho yaliyofungwa. Mvua zikianza, mwenye eneo, au kijiji kizima, hutenga sehemu na kukataza mifugo isiingie. Nyasi huota, zikakomaa, zikasimama tu. Kiangazi kikikaza, huko kwingine kote kumebaki vumbi na ng'ombe wamekonda hadi unahesabu mbavu, ndipo ngitili inafunguliwa, kipande baada ya kipande. Mara nyingi haina ukuta wala waya. Ina watu wanaojua mpaka wake, ina mkutano wa jadi uitwao dagashida unaopanga kanuni na faini, na ina sungusungu wa kufuatilia aliyejisahau.

Nikamwambia kijana kwamba waliokatazwa ni ng'ombe, na sisi si ng'ombe. Akafikiri. Akasema, "Kijia ni cha mtu mmoja. Sisi tuko ishirini na wawili. Miguu arobaini na minne. Hao ni ng'ombe kumi na mmoja."

Hesabu ilikuwa sahihi. Binti mmoja wa darasa la tano akaongeza, "Na mwalimu ni nusu mbuzi."

Tukazunguka. Ilituchukua dakika arobaini, na nusu mbuzi alikuwa wa mwisho.

Nilipata muda wa kutosha wa kutoa somo la ushirikiano, ambalo lilikuwa kwenye ratiba. Ukitaka kulitoa na wewe, historia ya mkoa itakusaidia, maana Shinyanga imeshapelekwa porini kwa pamoja mara kadhaa.

Mara ya kwanza ilikuwa miaka ya 1920. Mbung'o walikuwa wamejaa vichakani, na ng'ombe wakifa kwa nagana. Mwingereza aliyeitwa Charles Swynnerton, ambaye baadaye aliongoza utafiti wa mbung'o Tanganyika makao yakiwa Shinyanga, aliona dawa ni kuondoa kichaka. Watu kwa maelfu wakaitwa chini ya watemi wao, wakiwa na mapanga na mashoka, wakafyeka na kuchoma. Ulikuwa ushirikiano wa mfano. Mbung'o walirudi nyuma, na miti nayo ikaenda, halafu mashamba ya pamba yakaja kukaa palipobaki wazi, pamoja na ng'ombe waliozidi kuongezeka. Mara nyingine ilikuwa miaka ya 1970, watu walipohamishiwa katika vijiji vya ujamaa. Familia zikaenda, ngitili zao zikabaki nyuma bila mwenyewe, na kitu kisicho na mwenyewe huliwa mara moja. Kufikia katikati ya miaka ya 1980, Mwalimu Nyerere aliifananisha Shinyanga na jangwa.

Mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI kwa kifupi. Ulikuja na miche, kama ilivyo desturi ya miradi. Lakini kilichoujaza mkoa miti si miche tu. Ni kuwarudishia watu ngitili zao na kuwaacha wazifunge kama babu zao walivyozifunga. Chini ya ardhi visiki na mizizi vilikuwa bado hai. Vilihitaji tu kuepushwa na jino la mbuzi. Mradi ulipoanza, ngitili zilizohesabiwa zilikuwa kama hekta 600 hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilipita hekta 300,000 katika vijiji 833, wakati huo mkoa ukiwa bado una wilaya ambazo leo ziko Simiyu. Mwaka 2002 kazi hiyo ikapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Ukiwasimulia watoto haya, watakuuliza swali gumu: mwalimu, ushirikiano wenyewe ni kufanya nini hapo? Na jibu linakera, hasa kwa mtu aliyebeba bango. Kufyeka kulikuwa na mashoka na nyimbo. Kwenye ngitili, kazi ya kijiji kizima ni kutopita. Kila mtu ana ng'ombe wenye njaa, kila mtu anaziona nyasi, na kila mtu anazunguka. Jambo la namna hiyo huwezi kulipiga picha. Nilijaribu. Zilitoka nyasi.

Hatua ya nne: washa moto, usiuwashe

Hakuna matembezi ya porini bila moto, vitabu vyote vinasema. Tulipofika chini ya mkwaju mkubwa pembeni ya ile ngitili, nilikusanya vijiti vikavu, nikapiga magoti, nikaanza kupekecha. Nilikuwa nimejifunza usiku uliopita kwenye video. Nilipekecha kijiti juu ya kijiti hadi viganja vikapata malengelenge. Watoto walikaa kwa nidhamu, wakitafuna ukwaju na kutema kokwa.

Kwa kweli moshi ulitoka, uzi mwembamba kabisa. Nikainua kichwa nipate makofi. Badala yake, mtoro sugu alikuja, akachuchumaa mbele yangu, akauliza kwa adabu zote, "Mwalimu, upepo unakwenda wapi?"

Upepo ulikuwa unakwenda ng'weli. Ng'weli ya pale ilikuwa ngitili, nyasi za kimo cha mtoto, kavu kama karatasi, chakula cha ng'ombe wa vitongoji vitatu hadi Novemba. Njiti moja ingetosha.

Nikauzima moshi wangu kwa maji ya kunywa. Mwongozo unashauri hivi: kumfundisha mtoto kuwasha moto si kazi, kila mtoto wa huku aliyewahi kutumwa na mama yake jikoni anajua. Fundisha swali lile la upepo. Kama hulijui, mwache mtoto akuulize.

Hatua ya tano: wadudu, nyoka na mengineyo

Kwenye ardhi nyeusi ya mbuga, ile inayonata na kumeza matairi masika na kupasuka nyufa kiangazi, kuna mgunga mfupi wenye miiba mirefu, na kwenye miiba una vinundu vyeusi kama gololi. Vinundu vina matundu, na upepo ukipita mti unapiga mluzi. Ni mti mzuri sana wa kufundishia. Ndani ya vinundu wanaishi sisimizi. Mti unawapa nyumba na majimaji matamu, na wao wanaulinda: akija mbuzi au twiga kula majani, wanatoka wote kwa pamoja wakamuuma mdomo.

Nilikuwa naeleza haya nikiwa nimeshika tawi. Sisimizi wakaeleza sehemu iliyobaki. Watoto walikubaliana baadaye kwamba hicho ndicho kipindi kilichoeleweka kuliko vyote.

Kuhusu nyoka, Usukumani wapo bayeye, chama cha mafundi wa nyoka wanaowacheza ngomani na kujua dawa zao. Wewe si mmoja wao, hata kama una kofia ya pama. Wa kumwogopa zaidi ni kifutu, kwa sababu ana tabia moja na mgeni rasmi: haondoki alipo mpaka aone ni lazima. Analala kwenye nyasi akisubiri kukanyagwa. Tembeeni kwa mstari, anayetangulia apige nyasi kwa fimbo. Mtoto akiumwa, acha ushujaa wa sinema: usichanje, usinyonye, usifunge kamba. Mtulize, kiungo kilichoumwa kisitikisike, mpeleke hospitali upesi. Katika ukurasa huu sina mzaha mwingine.

Na rudini kabla ya magharibi. Giza likiingia kuna fisi. Watakuambia fisi wa huku wengine wana wenyewe, wamevikwa shanga na hutumwa usiku. Usibishane. Awe na mwenyewe au asiwe naye, meno ni yale yale.

Hatua ya sita: mafundo

Hakuna skauti bila fundo. Historia ya skauti unaijua: Agosti 1907 Robert Baden-Powell, jenerali wa Kiingereza aliyekuwa amepigana vita vya kikoloni kusini mwa Afrika, aliwachukua wavulana wapatao 20 akapiga nao kambi katika kisiwa cha Brownsea huko Uingereza, awafundishe kufuata nyayo, kupika nje na kutegemeana. Mambo mengi aliyowafundisha, mtoto wa mchungaji wa huku alikuwa anayafanya kabla ya kifungua kinywa. Ujuzi ukaenda Ulaya, ukarudi kwetu umevaa skafu shingoni na kaulimbiu ya "Uwe Tayari". Baden-Powell mwenyewe alirudi pia: amezikwa Nyeri, Kenya, tangu mwaka 1941.

Basi nilitoa kamba, nikawaonyesha fundo la kufungia mzigo. Nililifunga kwenye dumu la maji, nikalirusha juu ya tawi la mkwaju, nikavuta. Dumu likapanda mita moja, likafunguka, likatua karibu na mguu wangu.

Yule binti wa nusu mbuzi akaomba kamba. Alizungusha mara mbili, akapitisha chini, akakaza kwa goti. Tukavuta. Dumu likapanda hadi tawini. Tukalitikisa. Halikushuka. Nikamwambia afunge tena taratibu, nirekodi. Nikamuuliza amejifunza wapi.

"Nyarugusu," alisema. "Kaka zangu wakishuka duarani mimi nilikuwa nafunga viroba."

Alikuwa amehamia kwa mama yake mkubwa mwaka huo. Nyarugusu iko Geita, kwenye ukanda wa dhahabu unaojulikana tangu enzi za Wajerumani. Upo mgodi mkubwa wa Geita uliofunguliwa mwaka 2000, na yapo maelfu ya mashimo ya wachimbaji wadogo, ambayo wenyewe huyaita maduara. Duara hushuka wima, na kuta zake huzuiwa na matimba, magogo yaliyokatwa porini. Ukiuliza pori la Geita limekwenda wapi, sehemu moja imekwenda jikoni ikiwa mkaa, na sehemu nyingine imekwenda chini ya ardhi, imesimama humo gizani inazuia mwamba.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kazi za hatari kwa aliye chini ya miaka 18, na kazi ya mgodini imo kwenye orodha hiyo. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya watoto katika machimbo madogo ya Tanzania, Geita ikiwemo: wanaochimba, wanaoponda mawe, wanaoshika zebaki kwa mikono mitupu. Nawaandikia hili wazazi waliokuwa nami kikaoni, wale tuliosema kwa pamoja kwamba watoto hawajui kushirikiana. Mmoja chini, mmoja juu, mmoja kwenye kamba: fundo likiteleza, kiroba kinamwangukia kaka yako. Somo la ushirikiano limeshafundishwa, bila bango wala posho.

Niliacha kurekodi. Nilimwomba anifundishe lile fundo, akanifundisha, mara tatu. Mimi ni mzito kidogo.

Jambo moja alilotuachia ni la kila msomaji wa Geita anayefikiria kuwapeleka watoto matembezini. Maduara yaliyoachwa hayana alama. Masika hujaa maji yakafanana na bwawa la kuogelea. Kiangazi mdomo wake hufunikwa na magugu, au na matawi aliyoyaweka mtu. Binti alituambia kanuni ya kwao: ukiona kifusi, usipite kati ya kifusi na kichaka, zunguka kifusi chote. Mtoro sugu akatikisa kichwa kama mzee aliyesikia methali ya kwao ikisemwa ugenini.

Hatua ya saba: tathmini

Kila shughuli ifanyiwe tathmini. Niligawa karatasi, nikawaomba waandike mambo matatu waliyojifunza. Majibu, nikiondoa yaliyofanana, yalikuwa haya: kwamba chipsi hazifai safari, kwamba sisimizi wana umoja, kwamba mwalimu anapiga filimbi akiwa hajui cha kusema. Mmoja aliandika, "Nimejifunza mwalimu anafundishika." Nimeiweka hiyo kwenye fremu.

Ripoti niliyoiandikia kikao ilisema malengo yote yalifikiwa. Nilibandika picha ya mgeni rasmi na mche.

Lakini tathmini ya kweli haipatikani siku hiyo, na hapa ndipo miongozo mingine hukuacha. Likizo ilipokwisha na shule kufunguliwa Julai, mwalimu wa zamu alinipigia simu, amekasirika. Watoto wa kile kitongoji cha ng'ambo ya ngitili, alisema, zamani walikuwa wakifika mmoja mmoja, wakipita kile kijia, na waliwahi paredi. Sasa wanasubiriana. Wanatoka wote kwa pamoja, wakubwa wakiwashika mikono wadogo. Na kwa kuwa wako wengi, hawapiti kijiani. Wanazunguka ngitili nzima, na kila siku wanachelewa. Alikuwa amewaambia waziwazi kwamba wakitaka kuwahi waachane, wapite mmoja mmoja. Wakamjibu kwamba wao ni ng'ombe saba.

"Umewafundisha nini hawa watoto?" aliniuliza.

Nilimwambia malengo yote yalifikiwa.

Aliwapa adhabu, kwa kuwa kanuni ni kanuni. Kila asubuhi waliochelewa huchota dumu moja moja kisimani na kumwagilia maua na miti ya shule. Maua ni machache, na mti ni mmoja, ule wa kando ya mlingoti. Nilipita kuutazama mwishoni mwa Agosti, kipindi ambacho ngitili zilikuwa zimeanza kufunguliwa na mji wote una rangi ya vumbi. Mti una majani kumi na tisa, nimeyahesabu. Mtoto mmoja ameuzungushia miiba ili mbuzi asiufikie, akaikaza kwa lile fundo la Nyarugusu.

Juni ijayo mgeni rasmi akija, itabidi achimbiwe shimo jipya.